Kushinda, kubwaga na kulima: tunavyomtaja aliyeshindwa

Jioni hapa Isiolo, ukikutana na jirani anayetoka sokoni utamuuliza, "Umeshindaje?" Naye atakujibu, "Nimeshinda salama." Hapo hakuna aliyeshindana na mwenziwe wala kikombe kilichotolewa. Nusu saa baadaye, vijana waliojazana mbele ya runinga watapiga kelele, "Tumeshinda!" na mtaa mzima utajua timu yao imepata ushindi. Kitenzi ni kimoja, kazi zake mbili. Wageni wanaojifunza Kiswahili huuliza swali hili mapema sana, ilhali sisi wenyeji tunalipita tu: imekuwaje kupitisha mchana na kumweza mpinzani vikatajwa kwa neno moja?

Swali hili halihusu wanaisimu peke yao. Namna tunavyoutaja ushindi ndiyo namna tunavyomtaja aliyeshindwa. Katika kaunti yenye Waborana, Waturkana, Wasomali, Wameru na Wasamburu, aliyeshindwa leo ndiye utakayekutana naye kesho asubuhi kisimani, sokoni na msikitini au kanisani. Makala haya yanafuata historia ya vitenzi vyetu vya ushindi: vilikotoka, kazi ambazo vimefanya, na vipi kati yavyo vinatufaa tunaposhindania jambo zito kuliko mpira.

Tuanze na shinda, kisha tumtazame pamoja na jamaa zake wa Kibantu. Mkikuyu anayeuliza umeshindaje hutumia kitenzi gũtinda. Lakini akitaka kusema kwamba fulani amemshinda fulani, huacha neno hilo na kuchukua kũhoota. Ukifika Rwanda utakuta gutsinda, yaani kumshinda mpinzani au kufaulu mtihani, na kando yake gutinda, yaani kukawia. Wenzetu hao, basi, wana maneno mawili pale ambapo sisi tuna moja. Yamkini hata kwetu yalikuwa mawili, moja la kukaa kwa muda na jingine la kuweza, kisha sauti zake zikakaribiana hadi zikawa kitu kimoja. Ushahidi huu unaelekeza tu, hauhukumu.

Hata hivyo, wasemaji wa lugha hawasubiri hukumu ya wanaisimu. Maneno mawili yakishafanana kwa sauti, watu huyaunganisha maana vilevile. Mswahili anasema, "Ameshinda kutwa akilima." Anasema pia, "Tumeshinda na njaa." Katika sentensi hizi shinda ni kuvumilia mpaka jua litue. Ukizisikia karibu na "tumeshinda vita," ni vigumu kutofikiri kwamba mshindi ni yule aliyebaki uwanjani hadi jioni. Waingereza nao, kwa njia yao wenyewe, walifika karibu na hapo. Kitenzi chao "win" kinatokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha kuhangaika, kufanya kazi kwa nguvu, kupambana. Maana ya kuibuka mshindi ilikuja baadaye, kama malipo ya hangaiko lenyewe.

Tazama pia matumizi ambayo hayana mpinzani kabisa. Fundi husema, "Kazi hii imenishinda." Mama husema, "Huyu mtoto amenishinda, mchukue babake." Hakuna aliyepigwa hapo. Anayesema anakiri kwamba nguvu zake zimefika mwisho. Kwa hiyo kushindwa, katika Kiswahili cha kila siku, ni kufika kikomo cha uwezo, na hilo humpata kila mja. Ndiyo maana wahenga waliweza kusema bila kejeli kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Kushindwa kulionekana kuwa sehemu ya shindano lenyewe, wala si aibu inayomtoa mtu katika utu.

Michezo inatupa mfano mzuri wa nguvu ya neno hili. Mwaka 1987 Gor Mahia walitwaa Kombe la Washindi barani Afrika, klabu ya kwanza ya Kenya kulipata. Wengi tunakumbuka kwamba "Gor ilishinda Espérance." Lakini tukirudi kwenye matokeo, mechi ya kwanza kule Tunis iliisha mabao 2-2, na ya marudiano Nairobi ikaisha 1-1. Gor haikuifunga Espérance mara zote mbili. Ilitwaa kombe kwa sababu ya mabao ya ugenini. Mhariri aliyetaka kuandika kwamba Gor "imeibwaga" au "imeilima" Espérance angekuwa anatia chumvi, maana hakuna aliyeanguka. Lakini "imeshinda" lilikuwa neno la kweli kabisa: mwisho wa dakika 180, aliyebaki na kombe mkononi ni Gor.

Jambo la pili katika historia ya neno hili linanishangaza zaidi. Pwani ya Afrika Mashariki ilipokea mamia ya maneno ya Kiarabu katika biashara, dini, sheria na utawala. Mtu angetarajia kwamba ushindi, jambo la wafalme na majeshi, nao ungetajwa kwa neno la kigeni. Na kweli, maneno ya Kiarabu ya ushindi yalifika, tena zaidi ya moja. Lakini angalia tuliyafanyia nini.

Mzizi wa Kiarabu gh-l-b una maana ya kushinda na kutamalaki. Watawala wa Granada, kule Uhispania, waliandika kwenye kuta za kasri lao la Alhambra kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, na neno walilotumia ni la mzizi huu. Kwetu sisi mzizi huohuo ulizaa ghilibu na ghiliba, na kila mtu anajua ghiliba ni nini: ni hila, ni udanganyifu. Mtu aliyekughilibu hakukushinda, alikulaghai. Mzizi huohuo ulitupa pia aghalabu, neno la upole lenye maana ya mara nyingi, yaani lile linaloshinda kwa wingi wa kutokea. Hivyo basi neno la wafalme wa Granada limegawanyika kwetu: upande mmoja ulaghai, upande wa pili kielezi ambacho wanafunzi hukitumia kuanzia insha.

Chukua fuzu. Katika Kiarabu ni kushinda, kupata ushindi. Katika Kiswahili anayefuzu ni mwanafunzi aliyemaliza masomo, au timu iliyopata nafasi ya kwenda raundi nyingine. Chukua pia nusuru. Katika Kiarabu mzizi wake unabeba msaada na ushindi kwa pamoja, kwa kuwa ushindi wenyewe huonekana kama msaada uliotoka kwa Mungu. Sisi tumechukua upande wa msaada tu, tukaacha ule wa ushindi. Kumnusuru mtu ni kumwokoa. Nusura anguke, tunasema, yaani alikaribia kuanguka akaponea chupuchupu.

Kwa hiyo maneno matatu ya ushindi yaliingia kwa mlango wa mbele. Moja likapewa kazi ya kutaja udanganyifu, jingine mtihani, na la tatu uokoaji. Kiti cha ushindi wenyewe kilibaki na shinda, neno la Kibantu, neno la mkulima aliyekaa shambani mchana kutwa. Wakati ule ambao pwani ilikuwa ikitawaliwa na wageni mmoja baada ya mwingine, neno hili halikung'olewa. Sidhani kulikuwa na mtu aliyepanga hivyo. Lakini lugha inapolikataa neno mara tatu katika kazi ileile, inatuonyesha kwamba kazi hiyo tayari ilikuwa na mwenyewe.

Sasa tuje kwenye sarufi, maana huko kuna hazina tuliyoiacha. Kila mwanafunzi anajua kwamba kutokana na shinda tunapata mshindi. Kiambishi -i mwishoni humtaja mtenda: mwizi ni aibaye, mlevi ni alewaye, mshindi ni ashindaye. Lakini Kiswahili kina kiambishi kingine, -e, ambacho humtaja mtendwa. Mtume ni yule aliyetumwa. Mteule ni yule aliyeteuliwa. Kiumbe ni kilichoumbwa. Kwa kanuni hiyohiyo, yule aliyeshindwa huitwa mshinde. Si neno nililolibuni mimi, limo katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939. Mshindi na mshinde: maneno mawili yanayotofautiana kwa irabu moja tu.

Leo mshinde karibu ametoweka. Magazetini na redioni tunasikia "aliyebwagwa," "aliyeangushwa," "aliyepigwa kumbo," au tunakopa na kusema "luza." Jozi ya mshindi na mshinde ilikuwa na adabu yake. Iliwaweka wawili hao katika ngeli moja, kwenye mzizi mmoja, kama watu waliofanya jambo moja pamoja. Na ndivyo ilivyo, kwa sababu kitenzi chenyewe cha kugombea ni shindana, chenye kile kiambishi cha kutendana. Huwezi kushindana peke yako. Anayempiku mwenziwe anamhitaji huyo mwenziwe awepo, la sivyo hakuna ushindi wa kusimulia.

Hata tunapolinganisha watu bila vita vyovyote, vitenzi hivi vinaingia. Mtaani hapa utasikia, "Huyu ni mrefu kunishinda," au "Amenipita miaka miwili." Walimu wengine hukwaruza maneno hayo kwa kalamu nyekundu wakitaka "kuliko." Mimi sioni kosa, kwani kushinda, kupita na kuzidi vyote vimetumika kwa muda mrefu kulinganishia. Lakini inafaa tujue tofauti yake. Zidi limetoka katika Kiarabu na linahesabu: kitu kimeongezeka juu ya kingine. Pita linatembea: mmoja yuko mbele njiani. Kuliko halipigani, halihesabu wala halitembei. Ukilichanua ni ku-li-ko, yaani pale palipo na kitu. "Mrefu kuliko mimi" ni kama kusema mrefu ukimweka hapa nilipo mimi. Ni ulinganishi unaowasimamisha watu wawili bega kwa bega, basi.

Tofauti kabisa na hivyo ni kundi la vitenzi vinavyotawala kurasa za michezo, na siku hizi kurasa za siasa. Vitazame vilikotoka. Kubwaga ni kuangusha mzigo chini kwa kishindo. Anayetua mzigo huushusha taratibu, anayebwaga hajali kilichomo ndani. Wanamieleka ndio walioupa uwanja neno hilo, kwa sababu katika mieleka mtu hubebwa na kutupwa kweli. Lugha yenyewe ina mzaha wake hapo, maana kubwaga manyanga ni kukata tamaa na kuacha kazi, kwa hiyo kitenzi kinachomtukuza mshindi ndicho kinachomtaja aliyesalimu amri. Kulima, kupepeta na kutwanga vimetoka shambani na kwenye kinu. Kuchapa, kunyuka, kucharaza, kutandika na kukung'uta ni vya kiboko. Kuzamisha ni cha baharini, kulaza ni cha kumwangusha mtu asiinuke. Turufu nayo imetoka kwenye karata, mchezo ambao Wareno walituachia maneno yake.

Si Waswahili peke yao wenye tabia hii. Kiingereza kina "beat," ambacho ni kupiga na ni kushinda vilevile. Kina "thrash," ambacho asili yake ni neno lilelile la kupura nafaka, kwa hiyo kocha wa London anayesema timu yake imewapura wenzao na mtangazaji wa Nairobi anayesema imewapepeta wanasimama kwenye uga mmoja wa mavuno bila kujua. "Defeat" lilipitia Kifaransa cha zamani na maana yake ilikuwa kutengua kilichofanywa, kama mtu anayefumua mshono. Majirani zetu Wasomali wana guul, ushindi ulio na heshima, lakini pia wana jebi, yaani kuvunja, ambalo hutumika kwa mfupa na kwa jeshi au timu iliyoshindwa. Katika Kioromo, ambacho Kiborana ni tawi lake, kushinda ni mo'uu, na kuzidi, ambako hakuna kipigo, ni caaluu. Kila lugha, basi, ina kabati mbili: moja ya maneno yanayopima na nyingine ya maneno yanayovunja. Swali ni kabati gani tunaifungua, na wakati gani.

Hapa naomba nirudi kwenye neno moja la Kiingereza ambalo kwa mtu wa Isiolo lina ladha ya pekee. Neno "rival," ambalo tunalitafsiri kuwa hasimu au mpinzani, limetoka Kilatini, kwenye neno rivus, yaani kijito. Rivalis alikuwa yule anayechota maji kwenye kijito kilekile unachochota wewe. Warumi walijua kilichowagombanisha majirani: maji. Ukitaka kulielewa neno hilo huhitaji kufungua kamusi, njoo kiangazi kando ya Ewaso Nyiro, mto unaoanzia kwenye milima ya Kenya na Nyandarua na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Ngamia wa huyu, ng'ombe wa yule na mbuzi wa mwingine wote wanaungojea mto mmoja.

Tazama jinsi wafugaji wenyewe walivyolitatua jambo hilo. Miongoni mwa Waborana, kisima kina msimamizi wa zamu, abba herega, anayepanga mifugo ya nani inywe leo na ya nani ingoje. Malisho nayo yana wazee wa dedha, wanaosema eneo gani lifungwe msimu wa mvua ili liwe akiba wakati wa kiangazi. Mfumo huo hauhitaji mtu abwagwe. Unahitaji zamu. Anayetangulia leo anajua kesho atasubiri. Wapinzani wa maji, kwa maana ileile ya Kilatini, wanabaki kuwa wapinzani na majirani kwa pamoja.

Isiolo pia inajua kinachotokea pale zamu inapovunjika na kila upande ukataka kumwangusha mwingine moja kwa moja. Mwaka 1963, Kenya ikikaribia uhuru, swali la iwapo wilaya za mpaka wa kaskazini zibaki Kenya au ziungane na Somalia lilipasua nyumba na koo. Mwezi Juni mwaka huo, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido. Jina la Wabera limebaki katika wadi ya mjini hapa na katika barabara ya katikati ya Nairobi. Desemba hali ya hatari ikatangazwa, na vita vikaendelea mpaka makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, ambayo Rais Kenneth Kaunda wa Zambia alisaidia kuyapatanisha.

Serikali iliwaita waliobeba silaha "shifta," neno la Uhabeshi lenye maana ya jambazi. Uchaguzi huo wa neno ulikuwa na kazi yake. Hasimu hushindwa, kisha mkaketi naye. Jambazi hukomeshwa. Na mkono wa kukomesha haukuwafikia wenye bunduki tu. Familia nyingi za wafugaji zisizopigana zilikusanywa katika vijiji vya ulinzi kama Garba Tula na Merti, mifugo yao ikafa kwa kukosa malisho au kwa risasi, na watu waliokuwa na mali wakajikuta maskini.

Waborana wa Waso wanaiita miaka hiyo Gaf Daba, wakati wa kusimamishwa. Angalia jina hilo kwa makini. Halisemi nani alishinda wala nani alishindwa. Linasema maisha yalisimama: ng'ombe hawakuhama, watu hawakuhama, siku hazikwenda. Vitabu vya historia vinaweza kuandika kwamba serikali ilishinda vita vile. Waliokuwa ndani ya uzio walichagua kutaja walichokiona. Lugha ya aliyeshindwa ina kumbukumbu ndefu kuliko lugha ya mshindi, na hilo ndilo linalonifanya nisione vitenzi hivi kama mapambo tu.

Sasa twende kwenye kura. Tangu ugatuzi uanze, Isiolo imechagua magavana watatu katika chaguzi tatu: Godana Doyo mwaka 2013, Mohamed Kuti mwaka 2017 na Abdi Guyo mwaka 2022. Kila mara mji huu ulilala na kiongozi mmoja ukaamka na mwingine, na maisha yakaendelea. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini sikiliza lugha inayotumika misimu hiyo, majukwaani na kwenye vipaza sauti vya magari. "Tutawafagia." "Tutawazika debeni." "Tumewasaga, hawatainuka tena." Mgombea si mtu mmoja masikioni mwa watu hapa. Nyuma yake wanaona ukoo, kabila na kata. Anayesema "tutawafagia" amekusudia wagombea wanne. Wanaomsikia wanahesabu kaya elfu nne.

Mwaka 2022 Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2008, ilitoa orodha ya maneno yasiyofaa katika kampeni, mojawapo likiwa madoadoa, neno lenye historia chungu tangu ghasia za uchaguzi za zamani. Orodha hiyo ilifaa. Hata hivyo, orodha hunasa nomino za matusi kwa urahisi kuliko inavyonasa vitenzi. Hakuna tume itakayopiga marufuku fagia, kwa sababu kila asubuhi tunafagia nyumba. Hakuna hakimu atakayemshtaki mtu kwa kusema saga, kwa sababu mahindi husagwa. Vitenzi hivi vinapita kizuizini vikiwa na vitambulisho safi. Ni sisi, wasemaji na waandishi, tunaojua vinaelekea wapi.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Mhariri wa michezo ataniambia kwamba msomaji akikuta "shinda" mara kumi katika ukurasa mmoja atalala usingizi, na kwamba utamu wa Kiswahili ni huu wa kunyuka, kupepeta na kuzamisha. Nakubaliana naye, na mimi mwenyewe hufurahia kichwa cha habari kinachosema Yanga wamelimwa au Simba wamepepetwa, kutegemea nashabikia nani siku hiyo. Mchezo ni mahali ambapo tumeafikiana kupigana kwa mfano. Kipenga cha mwisho kinapolia, aliyepepetwa anampa mkono aliyempepeta, na wiki ijayo jedwali linaanza upya. Watu wazima wanajua kwamba hakuna aliyepepetwa.

Mwingine atasema nafasi ya kichwa cha habari ni finyu, ndiyo maana "ambwaga" hupendwa. Nimehesabu: "ambwaga" ina herufi saba, "amshinda" ina nane. Amani ya mji kama huu ina thamani kubwa kuliko herufi moja.

Ninachopendekeza si marufuku. Napendekeza tutenganishe kabati zile mbili. Viwanjani, tunyukane tunavyotaka. Kwenye kura, ardhi, maji na malisho, tuchague vitenzi vinavyopima: ameshinda, amempita kwa kura kadhaa, amemzidi, ameongoza. Hivi vinamwambia msomaji jambo ambalo vile vingine vinamficha, yaani tofauti ilikuwa kiasi gani. "Ambwaga mpinzani" haijui kura mia moja wala laki moja. "Ampita kwa kura mia moja" inamwambia aliyeshindwa kwamba alikaribia, na inamkumbusha aliyeshinda kwamba karibu nusu ya watu atakaowaongoza hawakumchagua.

Napendekeza pia tumrudishe mshinde. Walimu wamfundishe pamoja na mtume na mteule, ili watoto waone kanuni ile ya -e inavyofanya kazi. Waandishi wamjaribu katika sentensi kama hii: mshindi alimtembelea mshinde nyumbani kwake. Mwanzoni msomaji atadhani ni kosa la uchapaji. Mara ya tatu atazoea. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na neno la herufi saba halihitaji muda mrefu zaidi ya huo kuzoeleka, hasa kwa kuwa tulikuwa nalo tangu hapo.